Zaburi ya 90 Inavyohubiriwa Kwetu

Katika vijiji vya Masisi na Walikale sijaona zaburi inayopendwa na watu kuliko ile ya 90, ambayo Biblia nyingi za leo zinaihesabu kuwa ya 91. Asiyejua kusoma anaijua kwa kichwa. Nimeiona imeandikwa kwa makaa juu ya mlango wa nyumba ya mbao. Nimeiona imekunjwa katika karatasi ndogo na kushonwa ndani ya nguo ya mtoto mchanga. Na kijana mmoja wa pikipiki, apitaye kila juma barabara ya Sake, aliniambia kwamba ameitia ndani ya simu yake ili imsomee kwa sauti kila mara anapokaribia bariere ya watu wenye silaha.

Sitaki kuandika hapa juu ya uzuri wa zaburi hiyo. Wenye elimu kunipita wameandika ya kutosha. Nataka kusema juu ya namna tunavyoihubiri, sisi mapadri na makatekista, maana naona tumekosa. Nitaanza na mahubiri mabaya ninayoyajua vizuri kupita yote, kwa kuwa ni yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2023, wakati wa vita ya M23 katika Masisi. Watu walikuwa wamelala siku tatu ndani ya kanisa la sukursali moja, na mizinga ilisikika nyuma ya kilima. Kisha rozari ya jioni nilisoma zaburi ya 90, nami nikawaambia: «Wakristu, leo Mungu ametia sahihi. Hapa ndani masasi hayataingia.» Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilitulia, kwa kuwa nilikuwa na hofu kuliko wao wote, na kumbe nilikuwa nikijihubiria mimi. Alfajiri bomu lilianguka penye jiko, kando ya ukuta. Walikufa mzee mmoja aliyekuwa akiwasha moto na mtoto wa miaka sita aliyemfuata ili aote.

Mama wa mtoto yule nilikutana naye miezi mingi baadaye katika kambi ya Bulengo, pembeni ya Goma, kabla kambi zile hazijavunjwa mwaka 2025. Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama: «Padri, zaburi ile niliisoma vibaya? Jirani ananiambia kwamba usiku ule nilikuwa na mashaka moyoni, na ndiyo sababu.» Swali la mama huyu ndilo lililonishikisha kalamu.

Tufungue basi zaburi yenyewe, tuitazame pasipo haraka kama tulivyofundishwa seminari. Ndani yake mnasikika sauti tatu, na asiyezitenga atakosa maana. Kwanza anasemwa mtu aliyejificha kivulini mwa Aliye Juu, naye anamwita Mungu kimbilio lake. Hiyo ni mistari miwili tu. Kisha inakuja sauti ya pili, nayo ni ndefu, inayomwambia mtu huyo wewe, wewe, wewe: utaepushwa na mtego wa mwindaji, utafunikwa kwa mabawa, hutaogopa la usiku wala mshale wa mchana wala tauni, watu elfu wataanguka karibu nawe, malaika watakubeba, utakanyaga simba na nyoka. Mwisho kabisa, katika mistari mitatu, Mungu anasema mwenyewe kwa kinywa chake.

Sisi wahubiri tunasimama karibu sikuzote katika sehemu ya pili. Mna vitu vya kuonekana, mna wanyama, mna vita, na sauti yetu inapanda vizuri. Tukifika kwa Mungu tumekwisha kuchoka, tunamsoma mbiombio na kuimba Aleluya. Lakini sikilizeni anavyosema Mungu. Hataji mshale hata mmoja. Hasemi neno juu ya tauni, wala juu ya wale elfu. Anasema juu ya mtu aliyeshikamana naye kwa upendo na kulijua jina lake. Anasema kwamba mtu huyo akiita atajibiwa. Na kati ya kujibu na kuokoa anatia ahadi moja, kwamba atakuwa pamoja naye katika taabu. Sasa niambieni, ninyi ndugu zangu mafratri mnaosoma Maandiko: ikiwa mwenye kumtumaini Mungu hapatwi kamwe na taabu, Mungu atakuwa pamoja naye katika taabu ipi? Sehemu ya tatu inasahihisha namna tunavyoisikia ya pili. Mashairi ya watu husema mengi kwa furaha. Mwenye ahadi husema machache.

Sifichi kwamba mstari wa mwisho unaahidi pia siku nyingi. Mtoto yule hakuzipata. Bwana wetu Yezu Kristu naye hakuzipata hapa duniani. Kanisa limeimba mstari huo miaka yote likijua hayo, na mimi sioni njia ya kuuelewa isipokuwa kwa kuutazama kutoka asubuhi ya Pasaka. Hilo siwezi kumwambia mama mfiwa katika dakika mbili mlangoni pa hema.

Tena kuna jambo ambalo lingetosha peke yake kututia woga. Katika Injili mtu mmoja tu anaitaja zaburi hii waziwazi, naye ni Shetani. Mateo na Luka wote wawili wanatuonyesha akimpandisha Yezu juu ya hekalu na kumwambia ajitupe chini, kwa sababu malaika wamekwisha kuagizwa. Yaani mhubiri wa kwanza kuifanya zaburi ya 90 kuwa hati ya kutoumia alikuwa yeye. Na Yezu alikataa. Hakusema kwamba zaburi ni uongo. Alisema kwamba Mungu hajaribiwi. Kwa sababu hiyo Kanisa limeiweka zaburi hii katika Dominika ya kwanza ya Kwarezima, penye Injili ya vishawishi. Katika Misali ya zamani karibu nyimbo zote za Misa ya siku ile zilitoka humo, na Trakti yake iliichukua karibu yote, ndefu mpaka waimbaji walichoka.

Mtakatifu Bernardo aliwahubiria wamonaki wake wa Clairvaux juu ya zaburi hii katika Kwarezima ya mwaka 1139. Mahubiri yake ni kumi na saba, nayo yote yako mikononi mwetu. Aliona kwamba Shetani aliiba maneno machache. Zaburi inasema kwamba malaika wanamlinda mtu katika njia zake zote. Shetani alipoitaja, njia alizinyamazia. Na Bernardo anauliza, kujitupa kutoka juu ya hekalu ni njia gani? Si njia, ni kuanguka tu.

Neno hili la njia lingalitufaa sana sisi. Nimesikia kwa masikio yangu watu wakiambiwa kwamba kukimbia kijiji ni kukosa imani, kwamba mwenye zaburi abaki nyumbani na kufunga mlango. Huyo anayesema hivyo anawapandisha watu juu ya hekalu. Yozefu alipokuwa na Mtoto na Mama yake, malaika hakuja na upanga kuwazuia askari wa Herode mlangoni. Alikuja usiku kumwambia aamke akimbie Misri. Ulinzi wa malaika ulikuwa amri ya kukimbia. Basi barabara ile ya matope ishukayo kutoka Masisi mpaka Sake, ambayo mama zetu wameishuka na magodoro kichwani na watoto mgongoni, ni mojawapo ya zile njia. Vilevile vijia vya msitu wa Walikale, ambamo watu hulala majuma mazima chini ya majani pasipo kuwasha moto. Anayekimbia anaweza kuwa na imani kuliko padri aliyewaambia wabaki.

Nifike sasa kwenye ugonjwa wenyewe. Sisi watu wa Walikale na Masisi tunajua dawa ya vita ni nini. Babu zetu walisikia habari za Maji Maji kule Tanganyika, mwaka 1905 mpaka 1907, Kinjikitile Ngwale alipowapa watu maji ya kugeuza masasi ya Wadachi. Baba zetu waliwaona Simba wa mwaka 1964 wakikimbilia bunduki huku wakilitaja jina la Mulele. Sisi tumewaona Mayi-Mayi, na wengine wao ni watoto tuliowabatiza. Kijana hunyunyiziwa maji, hupewa miiko: asiibe, asimguse mwanamke, asile chakula fulani, asipeane mkono na fulani. Kisha anaambiwa kwamba sasi likimfikia litakuwa maji.

Anapokufa, je, watu husema kwamba dawa ni uongo? Hapana. Husema: alivunja mwiko. Hapo ndipo nguvu ya dawa ilipo. Haiwezi kushindwa, kwa sababu kila inaposhindwa kosa ni la maiti. Na maiti hajitetei.

Rudini sasa kwa mama wa Bulengo. Jirani yake alimwambia nini? Kwamba alikuwa na mashaka. Ni maneno yaleyale: alivunja mwiko. Tumechukua zaburi ya Kanisa, tumeiweka ndani ya chupa ya Mayi-Mayi, na mwiko tumeuita imani. Katika ibada nyingi za delivransi zinazofanywa leo usiku kucha, hata katika parokia zetu, nasikia jambo hilohilo: umefunga siku tatu au saba? ulilipa ahadi? uliungama laana ya babu? Asiyepona anarudi nyumbani na mizigo miwili, ule aliokuja nao na hatia ya kutopona.

Nisiwaonee. Wanaoongoza ibada hizo hukesha na watu. Humwekea mgonjwa mikono, humwuliza jina lake, hulia pamoja naye. Mama yule anapokuja parokia saa nne asubuhi, mara nyingi huambiwa na sisi kwamba padri yuko mkutanoni, arudi siku ya kazi. Kwa hiyo nisingependa padri asome ukurasa huu na kuufanya fimbo ya kuwapigia wakarismatiki wake. Kosa langu la mwaka 2023 sikujifunza kwao. Nililitoa katika hofu yangu mwenyewe.

Kuna ubaya mwingine, nao kwetu ni mkubwa kuliko penginepo. Zaburi inasema juu ya watu elfu wanaoanguka ubavuni pangu, nami siguswi. Ukiisoma kama dawa, elfu hao ni nani? Katika nchi iliyomwaga damu tangu soko la Ntoto, Machi 1993, jibu liko tayari kinywani: ni wale wa kilima kile, wenye lugha ile. Mhubiri hana haja ya kuwataja. Anasoma tu, na kila mmoja katika benchi anawaona kwa macho. Nimewahi kusikia watu wakiitikia Amina penye mstari huo kwa nguvu iliyonitisha. Na katika kanisa la kilima cha pili, Dominika ileile, zaburi ileile, Amina ileile. Wakati huo anayetega mtego na anayenaswa wako wote wawili ndani ya moyo mmoja, na hakuna anayeomba kuopolewa humo. Mstari huo bado unanikaba. Siku hizi ninapousoma nanyamaza kidogo kisha kuusoma, na simwongezei mtu maelezo.

Tulikuwa na wasomaji wa zaburi hii waliotupita wote. Mwaka 1954 wamonaki Watrapisti wa Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri ya Mokoto, katika milima ya Masisi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto imeweka zaburi ya 90 katika Kompletorio, sala ya mwisho kabla ya kulala, na desturi hiyo Wasisteri wameitunza karne nyingi. Hesabuni wenyewe, tangu mwaka 1954 mpaka mwaka 1996, ni mausiku mangapi zaburi hii ilikaa katika milima ile. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokimbia vita, sehemu kubwa Watutsi, walikuwa wamekimbilia monasteri. Tarehe 12 washambuliaji waliwaingilia, wakawaua wengi. Wamonaki nao walilazimika kuacha nyumba yao na kushuka Goma.

Je, wamonaki hawakuwa na imani? Walivunja mwiko gani? Mwenye zaburi ya dawa hana budi kujibu swali hilo, na kila jibu atakalotoa litakuwa tusi. Mimi nadhani kwamba zaburi yao haikuwa ya dawa. Bernardo, baba yao, alipofika mahali ambapo Mungu anaahidi kuwa pamoja na mtu katika taabu, alihubiri kwamba ni afadhali kuwa taabuni pamoja na Bwana kuliko kuwa penginepo pasipo yeye. Neno hilo ni gumu, na mtu hana haki ya kulisema kwa niaba ya mwingine. Kila mmoja alisemee nafsi yake.

Labda tumeharibiwa pia na maneno yetu. Kiswahili kina maneno matatu ambayo tunayachanganya mimbarini. Kukomboa ni kulipa: kitu kilikuwa rehani, mtu ametoa mali yake, kimerudi. Kuokoa ni neno pana, hata ndama huokolewa. Lakini kuopoa ni neno la watu wa maji. Ni kukitoa kitu kilichokwisha kuzama. Asiyezama haopolewi. Tena anayeopoa hasimami mbali na kutoa amri. Hawezi kuopoa pasipo kulowa. Nikimsikia mhubiri akisema kwamba Mungu humwopoa Mkristu kwa kumzuia asiguse maji kamwe, naona hajui Kiswahili wala Pasaka.

Wanyanga wa Walikale wanamsimulia Mwindo, ambaye babaye alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Utendi huo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuandika mwaka 1956 kwa kumsikiliza Rureke, nao ukachapwa mwaka 1969. Mwindo alitoka, akiwa na usinga wake wenye nguvu, akajisifu njia nzima. Vijana wanapenda kuishia hapo. Lakini wazee hawakuishia hapo. Mwishoni Nkuba, mwenye radi, anamchukua Mwindo juu, naye anakaa huko mwaka mzima akipigwa na mvua na jua na kukemewa kwa ajili ya kiburi chake. Anarudi kijijini mtu mwingine, akiwapa watu wake sheria za kukaa vizuri. Si Injili, najua. Lakini wazee wale walijua kwamba kutoka mtoni si mwisho wa kuokoka, na kwamba kilichobaki kuopolewa kilikuwa ndani ya Mwindo mwenyewe. Sisi wenye Injili tumeishia penye usinga.

Mtaniuliza: basi Mungu haokoi mwili? Anaokoa, na lazima tuombe. Nimewaona waliotoka hai mahali ambapo hesabu ya wanadamu ilikuwa imekwisha, nami nimeimba Te Deum pamoja nao. Kanisa linaomba mvua, linaombea wagonjwa, linaomba amani. Vijana watatu wa kitabu cha Danieli waliomba vilevile, na kabla ya kutupwa motoni walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwatoa, na kwamba hata asipowatoa hawataiabudu sanamu. Tunawahubiri kwa sababu walitoka motoni pasipo hata nywele kuungua. Mimi naona walikwisha kuopolewa waliposema neno lile la pili, tanuru ikiwa bado inawashwa.

Jimbo la Goma linaye sasa mwenye heri ambaye habari zake zinaeleza jambo hili kuniliko. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akafanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani Goma. Aliletewa vyakula vilivyooza, akaletewa na pesa ili avipitishe. Akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri, Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo. Malaika hawakumbeba asiguse jiwe. Lakini lile tunaloliomba mwisho wa Baba Yetu alipewa zima: mwovu hakumpata. Na Mama Anuarite alikufa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 mikononi mwa Simba. Wao walikuwa na dawa. Yeye hakuwa nayo.

Kwa mama wa Bulengo nilirudi juma lililofuata. Nilimwambia kwamba hakusoma vibaya; aliyesoma vibaya ni mimi. Nilimwomba msamaha, nikaketi. Hakusema kitu muda mrefu, kisha aliniuliza kama Misa ya mwaka wa mtoto wake naweza kuisoma hata kambini. Niliisoma.

Juu ya makatekista nina neno moja la kazi. Mmoja wao, mtu wa Walikale, mzee aliyewazika watu wengi kuniliko, aliniambia kwamba penye maziko haisomi tena zaburi ya 90 yote: anaruka mishale na simba na wale elfu, anaanza pale Mungu anapoanza kusema. Namheshimu sana, na nilimwelewa. Lakini nilimwambia kwamba asiikate, kwa kuwa tunamjua yule aliyeanza kazi ya kuikata. Akacheka. Sasa anawapa wasomaji watatu. Sehemu ya pili anampa kijana mwenye sauti kubwa, na ile ya mwisho anaisoma mwenyewe, polepole, akiwa karibu na jeneza.